Kupinga uhamisho wa kikazi nchini Kenya: mlango upi ubishe, upi uupite

Barua ya uhamisho ya mtumishi wa umma mara nyingi haizidi ukurasa mmoja. Juu kuna namba ya kumbukumbu, kisha jina na namba ya ajira, kituo cha sasa, kituo kipya, tarehe ya kuripoti, na sentensi moja inayosema kwamba uhamisho umefanywa kwa mahitaji ya huduma. Anayetaka kuipinga ana milango kadhaa: mwajiri mwenyewe, Tume ya Haki ya Utawala, Tume ya Utumishi wa Umma (PSC), na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba (ELRC). Hapa milango hiyo inapimwa kama huduma nyingine yoyote: inakupa nini, inakula muda gani, na inakwama wapi.

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Huduma bora kuliko zote ni ya bure, nayo ni barua yako mwenyewe ya kuomba sababu, ukiipeleka ndani ya wiki ya kwanza. Mahakama inafaa, lakini inachouza sicho wanachodhani wengi wanakinunua.

Mahakama inauza nini hasa

Mwajiri wa umma ana haki ya kupanga watu wake. Majaji wa ELRC huurudia msingi huo katika hukumu za uhamisho: hawatakaa kwenye kiti cha msimamizi waamue nani aende Lodwar na nani abaki Nyeri. Wanachokagua ni njia iliyotumika. Aliyetia sahihi alikuwa na mamlaka? Sababu ilitolewa, na ni ya kweli? Cheo au mshahara umeshuka? Au ni adhabu iliyopewa jina la uhamisho ili kukwepa kikao cha nidhamu?

Ndiyo maana ushindi wa kawaida ni barua kufutwa, si kituo kulindwa. Mwajiri anaweza kurudi baada ya muda na barua mpya, safari hii yenye notisi ya kutosha, sababu na sahihi inayostahili, na kituo kikawa kilekile. Hukumu itakuwa imetiiwa, na wewe utafunga virago. Anayeingia mahakamani akilijua hilo, kwa mfano kwa kuwa anahitaji miezi michache mtoto amalize mtihani wa KCSE au matibabu yakamilike, hupata thamani ya pesa zake. Anayetaka kubaki palepale hadi astaafu atatoka amekasirika hata akishinda.

Zipo kesi ambazo zina miguu. Ya kwanza ni ya aliyefichua hongo. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Hongo ya 2016 kinalifanya kuwa kosa la jinai kumhamishia mfichuzi au shahidi mahali pabaya pa kazi. Adhabu ni faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Ajabu ni kwamba kifungu hiki hakitumiwi sana katika maombi ya kupinga uhamisho, ilhali kinautaja uhamisho waziwazi. Ya pili ni ya viongozi na wanachama wa vyama vya wafanyakazi: kifungu cha 5 cha Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 kinakataza kuwabagua kwa sababu ya shughuli za chama. Ya tatu ni ya uhamisho unaokuja na cheo cha chini, hapo Kifungu cha 236 cha Katiba kinaingia, kwa kuwa kinakataza kumshusha cheo afisa wa umma bila kufuata utaratibu wa kisheria. Ya nne, ambayo watu huidharau, ni ya barua iliyotiwa sahihi na asiye na mamlaka.

Kesi dhaifu nazo zinajulikana. Nimejenga nyumba hapa. Mume wangu ana biashara mjini. Nimezoeana na wenyeji. Sababu hizi zina uzito kwa binadamu na zinaweza kumgusa afisa wa rasilimali watu, lakini jaji hana pa kuziweka isipokuwa ziambatane na haki iliyoandikwa mahali na ushahidi wa karatasi.

Kwanza fungua faili lako

Kabla ya kulipa yeyote, toa barua yako ya kwanza ya ajira. Ukiona maneno yanayosema unaweza kupangiwa kazi popote nchini, hoja ya kwamba mkataba umevunjwa imepoteza nguvu. Kama barua inataja kituo kimoja, au umeajiriwa na shirika lenye ofisi moja, basi kifungu cha 10(5) cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakusaidia: mabadiliko ya masharti yaliyoandikwa hufanywa kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi.

Tahadhari moja. Polisi, askari jela, wanajeshi na Huduma ya Vijana kwa Taifa wametolewa kwenye Sheria ya Ajira na kifungu chake cha 3. Afisa wa polisi anayejenga ombi lake juu ya kifungu cha 10 anajenga juu ya mchanga. Wakili wa upande wa pili atalibomoa katika aya moja. Njia yake ni Katiba na Sheria ya Hatua ya Haki ya Utawala.

Tazama pia ni nani hasa hukupangia kazi. Mhasibu wa wizara hupangwa na Hazina ya Taifa, na afisa wa rasilimali watu hupangwa na Idara ya Utumishi wa Umma, hata kama kila siku anapokea maagizo ya katibu wa wizara anakokaa. Ukimshtaki aliyeandika barua ya kukuachilia na ukamwacha aliyetoa agizo, umeshtaki tarishi. Kwa Serikali ya Taifa, Mwanasheria Mkuu naye huunganishwa.

Barua ya kuomba sababu: alama 9 kati ya 10

Kifungu cha 47(2) cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi kila mtu ambaye haki yake imeguswa, au huenda ikaguswa vibaya, na hatua ya kiutawala. Sheria ya Hatua ya Haki ya Utawala, namba 4 ya 2015, inaeleza utaratibu katika kifungu cha 6: unaomba, na mwajiri ana miezi 3 kujibu. Miezi mitatu ni mingi mno kwa mtu aliyepewa wiki moja kuripoti, na hapo ndipo wengi huikatia tamaa njia hii. Wanakosea. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri asipotoa sababu, mahakama itachukulia kwamba hapakuwa na sababu nzuri, mpaka mwajiri athibitishe vingine. Barua yako ni mtego unaotegwa mapema. Kama haikutegwa, hakuna wa kunaswa.

Ujanja wa wanaoijua kazi ni kuweka maombi mawili katika barua moja. La pili ni chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inampa mwajiri siku 21 tu, na nyongeza moja isiyozidi siku 14. Kwa ombi hili huulizi sababu bali nyaraka: sera ya uhamisho inayotumika, kumbukumbu za kikao kilichopitisha orodha, na idadi ya nafasi zilizo wazi katika kituo kipya. Nyaraka hizo zikija, utajua kama kikao kilikaa kweli. Zisipokuja, una malalamiko ya pili mkononi.

Mwili wa barua hauhitaji maneno makali. Kitu kama hiki kinatosha:

"Nimepokea barua yako ya tarehe (taja) yenye kumbukumbu (taja) inayonihamisha kutoka (kituo) kwenda (kituo). Kwa mujibu wa Kifungu cha 47(2) cha Katiba na kifungu cha 6 cha Sheria ya Hatua ya Haki ya Utawala, naomba sababu za uamuzi huo kwa maandishi. Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari, naomba pia nakala za sera ya uhamisho inayotumika na kumbukumbu za kikao kilichoamua uhamisho wangu. Naomba utekelezaji usitishwe hadi ombi langu la mapitio lisikilizwe. Ninaheshimu maagizo ya ofisi, na lolote nitakalofanya kutekeleza barua hiyo lisichukuliwe kuwa nimekubali uhamisho."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayolipa. Unaweza kuripoti kituo kipya, ukala mshahara wako, na bado ukaendelea kupinga. Usiwe miongoni mwa wanaokaa nyumbani wakisubiri jibu: kutoonekana kazini bila ruhusa ni utovu mkubwa wa nidhamu chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira, na mwajiri aliyekuwa na kesi mbovu ya uhamisho anajikuta ghafla ana kesi nzuri ya utoro. Mshahara unasimama, nidhamu inaanza, na jaji anauliza kwa nini hukuripoti.

Peleka nakala mbili kwa mkono, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha tuma tena kwa baruapepe. Muhuri huo ni kiambatisho muhimu kuliko barua ndefu ya wakili. Alama moja tumeikata kwa sababu barua haina nguvu ya kusimamisha chochote. Inaomba tu.

Wenye sababu za afya au ulemavu waambatishe karatasi hapa hapa, wasizifiche kwa ajili ya mahakama. Ripoti ya daktari wa hospitali ya umma inayotaja ugonjwa, matibabu na kliniki inayohitajika; kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu; barua ya shule maalumu ya mtoto. Ripoti iwe inaeleza kwa nini matibabu hayo hayapatikani kule unakopelekwa. Cheti cha mapumziko ya siku tatu hakithibitishi lolote. Na ikiwa mwajiri hakuwahi kuonyeshwa karatasi hizo, hawezi kulaumiwa kwa kutozizingatia. Hoja hiyo huua maombi mengi ambayo yangeweza kusimama.

Tume ya Haki ya Utawala: alama 5

Hii ni ya bure, huhitaji wakili, na malalamiko hupokelewa kwa barua, mtandaoni au ofisini. Inamwandikia mwajiri na kumtaka ajieleze. Kwa mwajiri anayeogopa barua za tume, hilo pekee hufungua mazungumzo. Pia ndiyo inayosimamia Sheria ya Kupata Habari, kwa hiyo ukinyimwa nyaraka ulizoomba, una siku 30 kuomba tume ipitie uamuzi huo.

Udhaifu wake ni kwamba katika malalamiko ya kiutawala hutoa mapendekezo tu, na haina amri ya kukuzuia kupanda basi Jumatatu. Tena haichunguzi jambo lililo mbele ya mahakama. Mpangilio una maana: ukiwasilisha kesi kwanza, mlango huu umejifunga.

PSC kwa watumishi wa kaunti: alama 6, lakini lazima upite

Mtumishi wa kaunti hana hiari hapa. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaweka rufaa kwa PSC dhidi ya uamuzi wa bodi ya utumishi ya kaunti au mtu mwingine mwenye mamlaka juu ya watumishi wa kaunti, na kifungu cha 87(2) cha Sheria ya PSC ya 2017 kinakataza kwenda mahakamani kabla ya njia hiyo kumalizika. Mahakama ya Rufaa ililisisitiza jambo hili 2017. Tangu hapo, pingamizi la kwanza la wakili wa kaunti karibu kila mara ni hilo, na linatosha kuizima kesi kabla jaji hajasoma kiapo chako.

Rufaa huandikwa ndani ya siku 90 tangu uamuzi. Tume inaweza kuipokea iliyochelewa kukiwa na sababu ya kuridhisha, ila usiende ukitegemea huruma. Kifungu cha 77 kinaorodhesha mambo yanayopelekwa, yakiwemo masharti ya kazi, nidhamu, na maadili ya kitaifa. Uhamisho uwekwe wazi chini ya mojawapo ya vichwa hivyo, si kuachwa uelee. Ambatisha uamuzi unaoupinga. Kama hukupewa barua ila umeambiwa kwa mdomo au jina lako limebandikwa ubaoni, andika kwanza ukidai barua, kisha ambatisha dai hilo.

Kizuri cha huduma hii ni kwamba uamuzi wa tume ukikupendelea na kaunti ikaupuuza, unaweza kuupeleka ELRC utekelezwe. Kibaya ni kwamba rufaa yenyewe haisimamishi uhamisho. Kwa anayehitaji kusimamishwa haraka, kifungu cha 9(4) cha Sheria ya Hatua ya Haki ya Utawala kinaruhusu mahakama kumwondolea mtu sharti la kumaliza njia za ndani katika hali ya kipekee, lakini kwa ombi lake. Maana yake lazima uombe, kwa maandishi, na ueleze upekee wenyewe. Wanaolisahau ombi hilo dogo hurudishwa walikotoka.

Walimu wasipoteze nauli kwenda PSC: Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ni tume inayojitegemea chini ya Kifungu cha 237, na watumishi wake hawako chini ya PSC. Mwalimu anaandikia TSC yenyewe, kupitia mkuu wa shule na mkurugenzi wa eneo. Na panapokuwa na sera inayogusa maelfu, kama ile ya 2018 ya kuwapeleka walimu nje ya kaunti zao, sauti ya chama ni kubwa kuliko ombi la mtu mmoja. Chama cha walimu cha KNUT kiliipinga sera hiyo kwa miaka, nayo ikalegezwa baada ya uchaguzi wa 2022, kwa msukumo wa siasa.

ELRC: alama 7 kwa mwenye karatasi, 3 kwa asiye nazo

Mahakama hii imetajwa katika Kifungu cha 162(2)(a) cha Katiba na ina vituo Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri, Kericho, Eldoret na kwingineko. Kesi huwasilishwa kwa mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama, ulioanza Nairobi Julai 2020 na kupanuliwa kwa vituo vyote nchini Machi 2024. Unafungua akaunti kwa kitambulisho, unapakia nyaraka kwa PDF, zinakaguliwa na kukadiriwa ada, unalipa, ndipo kesi inapata namba. Mtu anaweza kujiwakilisha. Mfumo wenyewe hauna neno kwa anayejua kutumia skana. Kinachokwamisha ni viambatisho vilivyopigwa picha kwa simu, vimepinda, havina namba za kurasa. Karani huvirudisha, na siku zako zinayoyoma.

Ukurasa wa Kenya Law unakupa hukumu bure. Tafuta zenye alama ya KEELRC, ambazo ni za mahakama hii, na usome tatu au nne za jaji wa kituo chako kuhusu uhamisho kabla ya kuandika. Hakuna wakili atakayekufundisha haraka hivyo.

Kifurushi kamili cha ombi la dharura kina sehemu hizi: ombi lenyewe (la kikatiba, au la mapitio ya kimahakama, yaani kumtaka jaji akague uamuzi wa ofisi ya umma), notisi ya kuomba amri za muda, hati ya kiapo yenye viambatisho, na cheti cha dharura kinachoeleza kwa nini jambo haliwezi kungoja foleni. Kila kiambatisho kina alama yake na muhuri wa kamishna wa viapo. Sampuli zinazozunguka WhatsApp bado zinataja kanuni za utaratibu za 2016; kanuni mpya za ELRC ni za 2024. Kutaja kanuni iliyofutwa hakuui kesi, lakini kunamwambia jaji kwamba umenakili.

Katika ombi la kikatiba, taja kifungu, eleza kilivyovunjwa, na kwa kitendo gani. Kanuni hii ilitoka kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979 na ikathibitishwa na Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Mumo Matemu ya 2013. Kumwaga vifungu kumi vya Sura ya Haki bila kuviunganisha na barua yako ya uhamisho ni kosa la kawaida kabisa. Kwa uhamisho, 41 (utendaji wa haki kazini) na 47 hutosha. Ongeza 27 kama kuna ubaguzi unaoweza kuonyeshwa kwa majina na tarehe, na 53 kama kuna mtoto mwenye mahitaji yaliyothibitishwa.

Faili huenda kwa jaji, naye huisoma bila upande wa pili. Mara nyingi jibu lake ni kwamba uwapelekee nyaraka wahusika na mrudi siku fulani, bila amri yoyote. Watu huliona hilo kama kushindwa. Si kushindwa, ila ina maana uhamisho unaendelea. Ili upate amri ya kusitisha, jaji atataka kuona kesi yenye msingi, madhara ambayo pesa hazitafidia, na, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Munya ya 2014, maslahi ya umma. La mwisho ndilo linalowaangusha watumishi wa afya na walimu: mwajiri akiapa kwamba kituo kipya hakina hata muuguzi mmoja, mzani unahama. Jibu lake lazima liwe tayari kabla hajaapa. Nani mwingine wa kada yako yupo, na kwa nini yeye hakufikiriwa?

Kuna mambo yanayoharibu amri hata ikishatoka. Kubwa ni kuficha. Ukiapa kwamba uko kituo cha zamani kumbe ulishakabidhi ofisi na funguo, fomu ya makabidhiano itafika mahakamani, na amri itafutwa kwa sababu hiyo tu. Sema ukweli wote, hata unaokuuma. La pili ni kuchelewa. Sheria inasema uje bila kuchelewa pasipo sababu, na kwa amri ya kufuta uamuzi chini ya utaratibu wa zamani wa Sheria ya Marekebisho ya Sheria kikomo ni miezi 6. Lakini saa halisi ni fupi kuliko hiyo: mrithi wako akishakaa kwenye kiti, mahakama huona kuwa jambo limepitwa na wakati.

Sheria ya Hatua ya Haki ya Utawala inasema katika kifungu cha 8 kwamba ombi la mapitio liamuliwe ndani ya siku 90. Usipange maisha kwa hesabu hiyo. Foleni ni ndefu, na kuahirishwa ni kwingi.

Amri ikitoka, kazi haijaisha. Ipelekwe kwa mkono kwa afisa aliyeidhinishwa, kwa jina na cheo, ikiwa na onyo la adhabu, na aliyeipeleka aape kiapo cha kuthibitisha. Bila hivyo, ombi la kumwadhibu kwa kuidharau mahakama halina pa kusimama. Na mahakama ikikupa fidia au gharama dhidi ya Serikali ya Taifa, huwezi kutuma dalali akashike gari la wizara: kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali kinakutaka upate cheti cha amri, kisha, wasipolipa, urudi kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhusika. Ni safari nyingine nzima.

Wakili

Hakikisha ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu. Vyote huisha Desemba 31, na Chama cha Mawakili kina orodha mtandaoni. Dai makubaliano ya ada kwa maandishi, na uliza maswali matatu: je, bei ni ya ombi la muda tu au hadi hukumu, je, VAT ya asilimia 16 imo ndani, na nani atahudhuria kesi zinapotajwa. Wakili anayekuahidi kwamba "utabaki hapo hapo" hajui hukumu za mahakama hii, au anajua na anakuuzia matumaini. Anayeanza kwa kuuliza barua yako ya kuomba sababu iko wapi, huyo mpe kazi.

Kwa wasomaji wa Tanzania

Ngazi ni tofauti na zinabana zaidi. Kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa 2016, kinamtaka mtumishi amalize njia za ndani ya sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu za sheria za kazi, na Mahakama ya Rufani mwaka 2022, katika kesi ya Shirika la Posta, ilifunga mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa watumishi wa umma. Mapitio ya Mahakama Kuu yanahitaji kibali kwanza, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na ukikipata una siku 14 kuwasilisha maombi yenyewe. Sampuli za Kenya hazifai huko hata kidogo.

Posho ya uhamisho

Jambo hili husahaulika katikati ya vita. Mwongozo wa rasilimali watu wa PSC unampa afisa anayelazimika kuhama makazi posho ya uhamisho sawa na mshahara wa msingi wa mwezi mmoja. Kutolipwa posho peke yake kwa kawaida hakubatilishi uhamisho, na kuipachika ndani ya ombi la kikatiba kunalichafua ombi. Idai kwa barua yake, ukiambatisha barua ya uhamisho na barua ya kuripoti. Wasipolipa, ni dai la kawaida la ajira lenye kikomo cha miaka 3, na kwa mwenye mshahara wa jumla usiozidi Sh80,000 kwa mwezi linaweza kusikilizwa na hakimu aliye karibu, bila safari ya kwenda ELRC.